Heri asomaye na wao wasikiao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kusoma, kusikia na kushika unabii

Maswali haya nimeyakusanya kwenye vipindi vya Biblia vya jioni. Mengine yaliulizwa mbele ya watu, na mengine niliulizwa nje, mtu akiwa ameshakaa juu ya pikipiki na kofia kichwani, kwa sababu ndani aliona haya. Aya nimezinukuu kutoka Union Version, ile ambayo wengi wetu tulikaririshwa utotoni. Si lazima usome kwa mpangilio. Kama una haraka, nenda kwenye swali la kushika, ndiko uzito ulipo.

Aya inayozungumziwa ni ipi hasa?

Ni Ufunuo 1:3: "Heri asomaye na wao wayasikiao maneno ya unabii huu, na kuyashika yaliyoandikwa humo, kwa maana wakati u karibu." Imewekwa mwanzoni kabisa, kabla hujaonyeshwa ono lolote, kama mwenyeji anayekukaribisha barazani kwanza.

Anayeandika ni Yohana, akiwa kisiwani Patmo katika bahari ya Aegea. Ireneo, askofu wa karne ya 2, anasema maono hayo yalionekana mwishoni mwa utawala wa Domitiano, Kaisari wa Roma, yaani kwenye mwaka 95 hivi. Wapo wataalamu wanaoyarudisha nyuma hadi siku za Kaisari Nero. Walioandikiwa ni makanisa saba: Efeso, Smirna, Pergamo, Thiatira, Sardi, Filadelfia na Laodikia. Yote yalikuwa katika nchi tunayoiita Uturuki leo, na Smirna ndiyo jiji la Izmir.

Heri hii haiko peke yake. Ukikihesabu kitabu chote utazikuta saba: 1:3, 14:13, 16:15, 19:9, 20:6, 22:7 na 22:14. Ile ya sita inarudia ya kwanza: "heri yeye ayashikaye maneno ya unabii wa kitabu hiki." Angalia kilichobaki na kilichoachwa. Mwanzoni kulikuwa na kusoma, kusikia na kushika. Mwishoni kimebaki kushika.

Heri ni sawa na baraka?

Ni ndugu, lakini si pacha. Baraka mtu humpa mwenzake: mzazi anambariki mwana, padre anabariki maji. Heri ni neno unalomwambia mtu ukiitazama hali yake. Mtoto wa jirani akifaulu unamwambia "heri yako." Kigiriki cha Ufunuo 1:3 kinatumia neno lile lile la mahubiri ya mlimani, "Heri walio maskini wa roho."

Nasisitiza hili kwa sababu wapo wanaoisoma aya hii kama ahadi ya muamala: soma sura tatu, subiri simu ilie kwamba umepokea pesa. Tazama walioandikiwa kwanza. Smirna walikuwa maskini na walikuwa wanaambiwa kwamba baadhi yao watatupwa gerezani. Filadelfia walikuwa na "nguvu kidogo." Tajiri wa makanisa yale saba alikuwa Laodikia, na ndiye aliyepata barua isiyo na neno hata moja la sifa. Heri ya pili katika orodha ni ya marehemu: "Heri wafu wafao katika Bwana tangu sasa." Hiyo tunaisoma makaburini, huku wanaume wakisubiri na sepetu. Anayekuuzia unabii kama ufunguo wa mafanikio mwulize aya hiyo anaiweka wapi.

Kwa nini "asomaye" ni mmoja na "wayasikiao" ni wengi?

Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mtu mmoja alisimama na kitabu cha kukunjwa mkononi, wengine wakakaa wakatega sikio. Vitabu vilinakiliwa kwa mkono, vilikuwa ghali, na waliojua kusoma walikuwa wachache. Paulo naye aliwaagiza Wakolosai waraka wake ukiisha kusomwa kwao usomwe na katika kanisa la Laodikia, na wao wausome ule utokao Laodikia.

Msomaji yule hakuwa na kazi nyepesi. Maandishi ya Kigiriki ya wakati ule yaliandikwa yameshikana, bila nafasi kati ya neno na neno. Usipojiandaa unakwama mbele ya watu. Leo tuna nafasi, tuna vituo, tuna namba za aya, na bado kila mwaka nasikia msomaji akifika Ufunuo 21:20 kwa mara ya kwanza akiwa madhabahuni, anakutana na krisopraso na hiakintho, sauti inazama na kipaza sauti kinabaki kikivuma. Heri ya kwanza katika kitabu imeanza na mtu huyu. Kama umepangiwa somo la Jumapili, soma kwa sauti nyumbani Jumamosi, mara mbili, hata kama wanao watacheka.

Nikisoma kimoyomoyo peke yangu, nimeikosa heri?

Hapana. Lakini jaribu kusoma kwa sauti uone tofauti. Katika Matendo 8 mtu wa Kushi alikuwa peke yake kwenye gari lake akisoma chuo cha nabii Isaya, na Filipo "akamsikia." Hata peke yao watu wa zama zile mara nyingi walisoma kwa kutamka. Sikio hukamata kile ambacho jicho linakiruka. Ufunuo umejaa marudio, "naye ashindaye," "yeye aliye na sikio," na marudio yaliandikwa kwa ajili ya sikio.

Na kusikiliza Biblia ya sauti kwenye simu?

Ni kusikia halali kabisa, na kwa dereva wa lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma pengine ndiyo nafasi pekee aliyo nayo. Kuna kasoro moja tu: simu haikuulizi swali, na wewe huwezi kuiuliza. Mtafute mwenzako mmoja aliyesikiliza sura hiyo hiyo, mkutane hata kwa dakika kumi.

Mimi sijui kusoma. Heri yangu ni nusu?

Ni nzima. Aya haikusema wasikiao watapata salio.

Nilimfahamu bibi mmoja ambaye hakuwahi kukaa darasani. Mjukuu wake wa darasa la tano alikuwa akimsomea jioni mkekani, taa ya sola ikining'inia kwenye msumari. Mtoto alisoma kwa kukatakata, kila jina gumu anajikwaa. Walipofika sura ya 21, "Naye atafuta kila chozi katika macho yao," bibi akawa anamwambia, "Hapo, baba, rudia hapo." Alikuwa amezika watoto wanne. Jioni moja mjukuu, mwenye usingizi, aliruka neno. Bibi akamrudisha bila kufumbua macho: "Umeacha maombolezo." Na kweli alikuwa ameyaacha, alitoka kwenye mauti akaenda moja kwa moja kwenye kilio. Sasa niambie kati ya wale wawili nani alikuwa anakijua kitabu.

Sielewi wanyama, pembe na vichwa saba. Naweza kupata heri bila kuelewa?

Aya imetaja kusoma, kusikia na kushika. Kuelewa kila kitu hakukutajwa, na nadhani ni kwa huruma. Hata hivyo usijiondolee jukumu. Yule mtu wa Kushi alipoulizwa "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" alijibu kwa unyofu, "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" na akamkaribisha Filipo apande.

Nitakupa funguo mbili. Ya kwanza ni jina lenyewe. Ufunuo ni kufunua, kinyume cha kufunika. Kawa inafunika sinia. Ukiifunua, unaona kilichokuwepo muda wote. Neno la Kigiriki lina maana hiyo hiyo. Kitabu hakikuandikwa ili kifiche. Danieli aliambiwa akitie muhuri kitabu chake hata wakati wa mwisho, lakini Yohana akaambiwa, "Usiyatie muhuri maneno ya unabii wa kitabu hiki."

Ya pili ni Agano la Kale. Yohana karibu hanukuu aya kwa kusema "imeandikwa," lakini karibu kila picha ameichota kwa Danieli, Ezekieli, Zekaria, Isaya au Kutoka. Mnyama wa sura ya 13 ana mwili wa chui, miguu ya dubu na kinywa cha simba. Fungua Danieli 7 utawakuta simba, dubu na chui wakitoka baharini mmoja mmoja. Yohana amewaunganisha. Mapigo ya tarumbeta na vitasa ni Misri ya Farao imerudi: damu, vyura, majipu, mvua ya mawe, giza. Mtu aliyesoma Kutoka vizuri hahitaji mtandao umweleze vyura. Nina wasiwasi kidogo na wanaoruka vitabu thelathini na tisa na kuanzia hapa, kisha wanalalamika kwamba hapaeleweki.

"Kushika" maana yake nini hasa? Utashikaje ono?

Hili ndilo swali. Amri inashikika, ono je? Mtu ameona farasi wa kijivujivu. Wewe ufanye nini?

Tuanze na lugha. Kwetu mtoto akiambiwa "hasikii," hakuna anayempeleka kwa daktari wa masikio. Na "asiyesikia la mkuu huvunjika guu" haisemi habari ya uziwi. Kusikia kwetu kumeshabeba kutii ndani yake. Kushika nako kuna nguvu: tunashika amri, tunashika saumu, tunamshika mtoto mkono tukivuka barabara. Kitenzi cha Kigiriki ni kulinda. Ndicho kilichotumika Petro alipokuwa akilindwa gerezani, na ndicho kilicho katika Ufunuo 16:15, "Heri akeshaye, na kuyatunza mavazi yake." Kwa hiyo kushika unabii ni kuulinda kama askari wa zamu anavyolinda lango. Kukariri kunasaidia, ila kukariri siyo zamu yenyewe.

Na ukisoma kwa nia hiyo utashangaa amri zilivyo nyingi. Efeso wanaambiwa wamejitahidi, wamepima mitume wa uongo, ila "umeuacha upendo wako wa kwanza", watubu. Smirna: "Uwe mwaminifu hata kufa, nami nitakupa taji ya uzima."

Sardi wanaambiwa wakeshe, la sivyo Bwana atawajia kama mwivi, na neno hilo liliwachoma mahali walipopajua. Mji wao ulikuwa na ngome juu ya jabali ambalo walidhani hakuna awezaye kulipanda, upande huo hawakuweka mlinzi. Koreshi wa Uajemi aliutwaa katika karne ya 6 kabla ya Kristo, askari wake wakipanda palepale pasipolindwa. Karne kadhaa baadaye, siku za mfalme Antioko wa Tatu, ukatwaliwa tena kwa uzembe ule ule. Mtu wa Sardi akisikia "usipokesha" hahitaji mkalimani.

Laodikia ni hivyo hivyo. Tetemeko la mwaka 60 liliuangusha mji, nao wakajijenga upya kwa fedha zao bila msaada wa Roma. Sasa sikia maneno wanayowekewa kinywani: mimi ni tajiri, nimejitajirisha, wala sina haja ya kitu. Ng'ambo ya bonde, Hierapoli kulikuwa na chemchemi za moto, na upande wa Kolosai maji baridi. Ya Laodikia yalikuja kwa mabomba, na mabomba hayo yamekutwa yameziba chokaa. "Hu baridi wala hu moto," wanaambiwa, na kila aliyewahi kunywa maji yaliyolala kwenye dumu juani anajua kwa nini Bwana anasema atawatapika.

Kisha njoo sura ya 18, ambayo huku kwetu husomwa kidogo mno. Babeli, yaani Roma katika vazi la Babeli, umeanguka, na wafanyabiashara wanalia kwa sababu hakuna anunuaye bidhaa yao. Inafuata orodha: dhahabu, fedha, vito, lulu, kitani, zambarau, hariri, vyombo vya pembe, mdalasini, uvumba, divai, mafuta, ngano, ng'ombe, kondoo, farasi. Mwisho kabisa, kama kitu kilichosahaulika chini ya gunia, "miili na roho za wanadamu."

Pembe zile zilitoka wapi? Nyingine zilitoka kwetu. Kuna kitabu cha safari cha baharia wa Kigiriki wa karne ya 1 kinachoeleza bandari ya Rapta, ambayo wataalamu wengi huiweka kwenye pwani ya Tanzania ya leo, na bidhaa yake kubwa ilikuwa pembe za ndovu. Kwa hiyo pwani yetu imo kwenye orodha ya Yohana. Baada ya karne nyingi, pembe na wanadamu walishuka njia moja hadi Bagamoyo na kuvukishwa Unguja. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mahali pale Mkunazini likajengwa kanisa kuu la Kianglikana. Aliyelisimamia ni askofu Edward Steere, yule yule aliyetafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili. Kila Ufunuo 18 inaposomwa ndani ya jengo lile, inasomwa juu ya ardhi ambayo aya ya 13 ilitendeka.

Amri ya sura hiyo ni moja: "Tokeni kwake, enyi watu wangu, msishiriki dhambi zake." Kuishika leo ni kuuliza bidhaa yangu imepitia mgongo wa nani. Msichana wa kazi analipwa lini, na analala wapi? Wakala anayewapeleka vijana Ghuba akishika hati zao za kusafiria, mimi mzee wa kanisa niliyepokea sadaka yake nilisema nini? Watu hukesha wakikokotoa pembe kumi wakaiacha aya hii, na mimi mwenyewe nimekuwa mmoja wao.

Heri hii ni ya Ufunuo tu, au na manabii wengine?

Aya inasema "unabii huu," hivyo kwanza ni Ufunuo. Lakini kanuni ni ya zamani. Nehemia 8: Ezra anasoma tangu mapambazuko hata adhuhuri, Walawi wanaeleza, watu wanalia, kisha wanaambiwa waende wakale kinono na kuwapelekea sehemu wasio na kitu. Kusoma, kusikia na kushika, vyote ndani ya siku moja, na sahani imetoka kwenda kwa jirani.

Kinyume chake kiko Yeremia 36. Baruki amesoma gombo mbele ya watu, likafika kwa mfalme Yehoyakimu akiwa kwenye nyumba yake ya baridi, makaa yanawaka mbele yake. Kila kurasa tatu au nne zikisomwa, mfalme anazikata kwa kisu na kuzitupa motoni, hadi gombo likaisha. Alisikia kila neno. Pengine hakuna mfalme aliyesikia unabii kwa utulivu kama yule.

Ezekieli 33 ina aina ya tatu, na hiyo ndiyo inayonitisha zaidi, kwa kuwa ndiyo yetu. Watu wanakuja, wanakaa mbele ya nabii, wanamfurahia kama mwimbaji mwenye sauti nzuri anayepiga kinanda vizuri. Wanasikia, hawatendi. Badala ya kinanda weka spika na klipu za kusambaziana.

Unabii si utabiri wa mambo yajayo?

Yajayo yamo, lakini nabii kwanza ni msemaji wa Mungu kwa watu wa siku zake. Watafsiri wa Union Version, walipofika 1 Wakorintho 14, hawakuandika "kutabiri" bali "kuhutubu," na kazi yake ni kuwajenga watu, kuwafariji na kuwatia moyo. Kwa kipimo hicho, anayekuita mbele akakutajia namba yako ya simu amekuonyesha mazingaombwe, na huenda ameichukua kwenye daftari la wageni mlangoni.

Na 666? Chanjo? Kitambulisho?

Kila kizazi kina chake. Nimesikia msimbo wa bidhaa dukani, kadi za benki, chanjo. Kenya mwaka 2019 Huduma Namba, namba ya utambulisho ya serikali, nayo iliwatia waumini kadhaa hofu ya chapa.

Yohana anasema ni "hesabu ya kibinadamu" na anawaambia wasomaji wake waihesabu, maana yake waliweza. Herufi za Kiebrania zilitumika pia kama tarakimu, na jina Nero Kaisari likiandikwa kwa herufi hizo linaleta 666. Likiandikwa kwa umbo la Kilatini linaleta 616, na nakala zenye 616 zipo, Ireneo alizijua. Si wote wanaokubali maelezo haya, mimi nayaona yana mashiko.

Ila soma aya moja zaidi. Mara tu baada ya chapa ya mnyama, 14:1 inaonyesha watu wenye jina la Baba kwenye vipaji vya nyuso zao. Na mkono na paji la uso ni mahali pale pale ambapo Kumbukumbu la Torati 6:8 inasema amri za Mungu zifungwe. Swali la sura ni nani unayemwabudu kwa kichwa na kwa mikono. Mtu anaweza kukataa kitambulisho cha taifa na bado akawa na chapa kwa namna anavyopima unga kwenye mizani.

"Wakati u karibu" imesemwa karibu miaka 2000 iliyopita. Karibu gani hii?

Kwa makanisa saba yalikuwepo yaliyokuwa karibu kabisa: gereza la Smirna halikuwa la karne nyingine. Kwa sisi, 2 Petro 3 inatukumbusha kwamba kwa Bwana siku moja ni kama miaka elfu, na kwamba kukawia kwake ni uvumilivu. Zaidi ya hapo sina jibu zuri, na huwa nawaogopa wenye nalo.

Walio nalo wamekuwepo. William Miller, mkulima na mhubiri wa Marekani, alitumia Danieli 8:14, na wafuasi wake wakaishia kungoja tarehe 22 Oktoba 1844. Wengine waliacha mazao shambani. Kulikucha kama kawaida. Yesu mwenyewe alisema habari ya siku ile na saa ile hakuna aijuaye, "wala Mwana, ila Baba peke yake."

Mchungaji wangu anasema unabii unatutaka tuuze mali, tuache shule na hospitali, au tufunge hadi tumwone Bwana. Nishike?

Usishike. Ondoka, na uwachukue watoto.

Nasema bila kupamba kwa sababu tumeshazika. Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia waliteketea ndani ya jengo baada ya viongozi wao kutangaza mwisho wa dunia na tarehe kupita. Msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, kuanzia Aprili 2023, ilifukuliwa zaidi ya miili 400, watoto wakiwa wengi, ya watu walioambiwa wafunge ili wakutane na Yesu. Wale walisoma, wakasikia, na kwa uaminifu wa kutisha wakashika, ila walichoshika hakikuandikwa humo.

Aya inasema "yaliyoandikwa humo." Hakuna mahali Ufunuo unaamuru kufunga chakula. Kuhusu njaa unasema kwamba waliosimama mbele ya kiti cha enzi "hawataona njaa tena" (7:16). Na 22:18 inamwonya anayeongeza neno. Hivyo ukiambiwa "unabii unasema," omba sura na aya, uisome mwenyewe kwa sauti, pamoja na iliyo juu yake na iliyo chini yake. Kiongozi akikasirika kwa kuombwa aya, umeshapata jibu.

Nisome na watoto? Wataota ndoto mbaya.

Anza na sura ya 1, kisha 4 na 5, kisha 21 na 22. Joka la sura ya 12 watalipenda kuliko unavyofikiri, hasa wakisikia limeshindwa. Kahaba wa 17 anaweza kusubiri.

Kanisani kwetu Ufunuo hausomwi kabisa. Ni kosa?

Mna wenzenu wengi. Waorthodoksi wanaukubali kama Maandiko lakini hawausomi katika masomo ya liturujia. Luther, mwanamatengenezo wa Ujerumani, mwaka 1522 aliandika kwamba roho yake haiwezi kukizoea kitabu hiki. Mwaka 1530 akaandika dibaji nyingine yenye upole. Calvin, mwanamatengenezo mwingine, aliyefafanua karibu Agano Jipya lote, hakuacha ufafanuzi wa Ufunuo. Wakatoliki huusikia kwenye Jumapili za Pasaka za mwaka C, ule wa tatu katika mzunguko wa masomo yao, tarehe 1 Novemba siku ya Watakatifu Wote, na katika misa za siku za wiki kabla ya Majilio kila mwaka wa pili. Wasabato, wenyewe wanaujua, na Danieli kando yake.

Mimi nauona ukimya huo ni hasara, kwa sababu unapoacha kiti wazi mimbarini, mtu wa kwenye intaneti anakikalia.

Tuanzeje, kwa vitendo?

Chagueni jioni moja. Kitabu chote, sura 22, kwa kusoma bila haraka ni kama saa moja na robo hadi moja na nusu, pungufu ya mechi ya mpira. Wapeni wasomaji watatu au wanne wenye sauti tofauti, na wapewe sura zao wiki moja kabla. Zimeni simu. Asiwepo wa kueleza chochote usiku huo. Maswali yaandikwe, yajibiwe wiki zinazofuata, barua moja kwa wiki kwa wiki saba za kwanza, na kila wiki jambo moja la kufanya, lenye jina la mtu na siku ya kulifanya.

Mpeni sura ya mwisho msomaji asiyekimbia. Akifika 22:20, "Naam, naja upesi," anyamaze. Kwetu kulikuwa na ukimya mrefu kidogo, mvua inaanza kugonga bati, mtoto anakohoa, halafu kutoka benchi la nyuma mzee mmoja asiyeona akaitikia kabla msomaji hajasoma: "Amina, na uje, Bwana Yesu."